Rili Nyepesi ya Uvuvi wa Nzi Baharini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nairobi

Wengi wanaouliza maswali haya ni wakazi wa Nairobi waliojifunza kurusha nzi, yaani ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu, kwenye mito ya Aberdare na Mlima Kenya, kisha wakateremka Pwani likizo ya Desemba na kumwona kolekole akifukuza vidagaa kwenye maji ya magoti. Hamu inawapanda, wanarudi mjini kutafuta rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi kinachofungwa kwenye rodi, yaani fimbo ya kuvulia. Swali la kwanza kuulizwa huwa ni uzito. Kwa maoni yangu lingefaa kuwa la mwisho, na nitaeleza kwa nini.

Nina rili yangu ya trauti. Siwezi kwenda nayo Watamu?

Kwenda nayo utakwenda. Shughuli ni kurudi nayo ikiwa nzima. Trauti wa Gura, Ragati au Thiba mara nyingi unamvuta kwa mkono, na rili inabaki mahali pa kuwekea mshipi tu. Rili nyingi za mtoni hazina breki ya maana ya kumpunguzia samaki kasi: ndani kuna kidole cha chuma kinachogonga meno ya gia, nayo inalia tik-tik. Kazi yake ni kuzuia spuli, ile ngoma inayozungushiwa mshipi, isizunguke ovyo ukivuta mshipi. Kolekole hata wa kilo nne akigeuka kuelekea mwambani, kidole hicho hakimzuii. Utabaki kubana ukingo wa spuli kwa kiganja, na vifundo vya vidole vitagongwa na kishikio kinachozunguka kwa kasi.

Tatizo la pili ni nafasi. Rili ya namba 5 hubeba mshipi mkuu, ule mnene unaorushwa, na mita 50 hadi 100 hivi za mshipi wa akiba, ule mwembamba unaofungwa nyuma yake kwa ajili ya samaki anayekimbia mbali. Baharini hizo zinaweza kuisha kabla hujajua umenasa nini.

Hizo namba zina maana gani?

Ni uzito wa mita 9 za kwanza za mshipi mkuu. Namba 5 ni kama gramu 9, namba 8 gramu 13.6, namba 10 gramu 18, namba 12 gramu 24.6. Rodi, mshipi na rili vinafuatana kwa namba. Katika uvuvi wa nzi kinachorushwa ni uzito wa mshipi, kwa kuwa nzi mwenyewe ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana. Nzi mkubwa na upepo mkali hudai mshipi mzito, na Pwani yetu upepo haukosekani.

Chumvi inaharibu rili kwa namna gani hasa?

Watu hufikiria kutu nyekundu, ile ya mabati. Rili za bahari karibu zote ni za alumini, na alumini haioti kutu hiyo. Huota unga mweupe, kisha vishimo vidogo chini ya rangi. Ubaya zaidi hutokea mahali metali mbili zinapokutana. Skrubu ya chuma cha pua ndani ya fremu ya alumini, ikilowa maji ya chumvi, hufanya kama betri ndogo, na inayoliwa ni alumini. Ndiyo maana utakuta skrubu inang'aa kama mpya lakini haifunguki, na ukiilazimisha meno ya tundu lake ndani ya fremu yanatoka nayo.

Kinga ya kwanza ni anodaizi, yaani tabaka gumu linalokuzwa juu ya alumini kwa umeme na tindikali. Ile ngumu, inayoitwa aina ya tatu, ni nene kuliko ile ya mapambo. Rangi ya kupuliza haitoshi. Ikichubuka tu, chumvi inaingia chini yake na kutambaa.

Jicho lingine weka kwenye idadi ya skrubu. Fremu iliyochongwa kutoka kipande kimoja cha alumini ina viungo vichache kuliko iliyounganishwa kwa nguzo na skrubu, na kila kiungo ni mlango wa chumvi. Beringi za chuma cha kawaida zikatae kabisa, hata muuzaji aapeje.

"Nyepesi" ni gramu ngapi?

Kwa namba 8, rili nyingi za baharini ziko kati ya gramu 170 na 280. Ikiwa chini ya 200 na bado ina breki kamili iliyozibwa maji yasiingie, hiyo ni nyepesi. Kwa namba 10 ongeza gramu 40 au 50. Kumbuka kampuni hupima rili tupu. Ukishaijaza mshipi mkuu na wa akiba, gramu 50 au zaidi zinaongezeka, na huko baharini mshipi wa akiba ukilowa unakuwa mzito zaidi.

Tofauti ya gramu 60 nitaisikia kweli mkononi?

Utaisikia, ila si jinsi matangazo yanavyosema. Rili inakaa chini kabisa ya rodi, karibu na kiganja, kwa hiyo haiongezi sana uzito unaopungwa mbele na nyuma. Ncha ya rodi ndiyo inayochosha: gramu 5 za ziada kule juu zinauma kuliko 50 za rili. Lakini mtu anayetembea kwenye mafungu ya mchanga maji yakipwa, rodi mkononi saa tatu au nne mfululizo akitafuta samaki wa kumrushia, anabeba kila gramu bila kupumzika. Huyo rili nyepesi inamfaa. Anayevua kutoka botini, rodi ikiwa kwenye kishikilio mpaka samaki aonekane, hana sababu ya kulipia wepesi.

Halafu kuna mizani. Funga rili kwenye rodi, pitisha mshipi, kisha lalisha mpini juu ya kidole kimoja, pale mkono unaposhika. Rodi za siku hizi ni nyepesi na zinakubali rili nyepesi. Rodi ya zamani, nzito kichwani, ikipewa rili ya gramu 170 itainamisha ncha, na kifundo cha mkono kitafanya kazi ya kuinyanyua kutwa nzima. Ukiwa na rodi ya namna hiyo, rili nzito kidogo itakupumzisha.

Watengenezaji wanapunguza uzito wapi?

Hapa ndipo pa kumchunguza muuzaji. Kuna uzito unaopunguzwa bila hasara na kuna unaopunguzwa kwa kukuibia.

Usio na hasara ni wa kutoboa matundu kwenye kuta za spuli na fremu. Jambo hili ni la zamani: Orvis wa Marekani waliuza rili yenye spuli nyembamba iliyotobolewa tangu 1874, mshipi ukauke na uzito upungue. Kasoro yake ni mchanga. Rili yenye matundu mengi ukiilaza ufukweni inajaa, nawe utasikia ikisaga.

Kingine kizuri ni kuchonga badala ya kumimina. Alumini iliyomiminwa kwenye kalibu inahitaji kuta nene ili isivunjike. Iliyochongwa kutoka kipande kizima inaweza kuwa nyembamba na ikabaki imara. Bei nayo ndipo inapopanda. Iliyomiminwa si mbaya, Lamson Liquid ni ya namna hiyo na breki yake imezibwa vizuri. Ila ikidondoka kwenye mwamba hupasuka mahali ambapo iliyochongwa ingepinda tu.

Upunguzaji wa hatari ni wa breki ndogo, mhimili mwembamba na fremu iliyo wazi upande mmoja bila ukingo wa kutosha. Rili ya hivyo dukani ni tamu kuishika. Samaki mzito akivuta kwa pembe, fremu inajikunja kidogo, spuli inasugua ukingo, na breki laini uliyolipia inageuka ya kukwaruza.

Magnesi pia ni nyepesi sana: sentimita moja ya ujazo ina gramu 1.74, alumini 2.7. Bahari inapenda mno kuila. Iache mtoni.

Breki iliyozibwa au ya koki?

Mabishano haya hayaishi, na breki zote mbili zimeshavua samaki wakubwa. Breki ya koki ni bamba la koki, ile ya vizibo vya chupa za mvinyo, linalobanwa dhidi ya alumini. Tibor na rili za zamani za Abel zimejengwa hivyo. Inaanza kuachia mshipi taratibu, inavumilia joto, na ukiwa na bisibisi na grisi yake unaihudumia mwenyewe mezani. Lakini inadai uangalizi: uilainishe, uilegeze kila jioni, usiiache ikauke. Na kwa kawaida ni nzito.

Breki iliyozibwa hukaa ndani ya kikombe chenye oringi, yaani pete ya mpira, maji na mchanga visiingie. Hatch, Nautilus na Lamson hufuata njia hii, kila mmoja kwa ufundi wake. Kwa mtu wa Nairobi anayefika baharini mara chache kwa mwaka na kuirudisha rili kabatini kwa miezi, ningemwambia achukue iliyozibwa bila kusita. Kuna rili inayopenda kuhudumiwa kila wiki na kuna inayovumilia kusahauliwa, na sote tunajijua.

Angalia tu neno "iliyozibwa" linahusu nini. Baadhi ya rili zimezibwa beringi peke yake, breki ikiwa wazi. Uliza swali hilo kwa maneno hayo hayo.

Breki iwe na nguvu kiasi gani?

Ndogo kuliko namba zinazoandikwa kwenye boksi. Kanuni ya wavuvi ni kuweka breki robo hivi ya uwezo wa sehemu dhaifu kabisa ya mshipi wa mbele, ule mwembamba unaofungiwa nzi. Ukifunga mshipi wa kilo 9, robo yake ni kilo 2 na kidogo. Rili inayotangazwa kuwa na breki ya kilo 10 kwa rodi ya namba 8 inakuuzia nguvu ambayo rodi yako haitaiona.

Kuna jambo ambalo wageni hawalitazamii: breki huongezeka yenyewe samaki anavyokimbia. Tuseme spuli imejaa, kipenyo chake sentimita 10, nawe umeweka kilo 2. Samaki akivuta mpaka mshipi uliobaki una kipenyo cha sentimita 6, breki ile ile bila kuguswa sasa inavuta kilo 3.3. Ongeza uzito wa maji yanayoburuzwa na mshipi mrefu uliopinda, na mafundo ya mshipi yanaanza kulalamika. Kwa hiyo samaki akienda mbali, legeza. Wengi hufanya kinyume kwa hofu, na mshipi unakatika.

Cha kupima dukani ni mwanzo wa mzunguko. Kaza breki kiasi, vuta mshipi polepole sana. Ukiona unagoma, kisha unaachia ghafla kwa mruko, rudisha rili hiyo kwenye kabati. Mruko huo ndio unaokata mishipi.

Kwetu kuna la zaidi. Kolekole na mzia wa Pwani huwa karibu na matumbawe, na anayekimbilia jiwe humpi mita 100 za heshima. Unahitaji breki inayokaza haraka kwa mgeuko mfupi wa kitufe, na kitufe kikubwa kinachoshikika kwa vidole vyenye maji na mafuta ya jua.

Kiini kipana cha spuli kina faida gani?

Rili ya nzi haina gia za kuongeza kasi: mzunguko mmoja wa mkono ni mzunguko mmoja wa spuli. Kipenyo cha sentimita 10 kinakusanya sentimita 31 kwa mzunguko, cha sentimita 6 kinakusanya 19 tu. Samaki akigeuka na kukukimbilia ukiwa na mita 60 nje, hiyo ni mizunguko 190 hivi dhidi ya zaidi ya 300. Kiini kipana pia hupunguza lile tatizo la breki kupanda, na mshipi hautoki umejikunja kama springi.

Niweke mita ngapi za mshipi wa akiba?

Namba 8, mita 150 hadi 200. Namba 10, karibu 200 au zaidi. Namba 12, mita 300 na kuendelea. Uzi wa dakroni unaohimili ratili 20 unatosha namba 8. Kuanzia namba 10 weka wa ratili 30.

Nyuzi nyembamba za kisasa za polithilini huingia kwenye spuli ile ile zaidi ya mara moja na nusu ya dakroni, kwa hiyo zinakuruhusu rili ndogo na nyepesi zaidi. Ndiyo njia halali ya kupata wepesi. Zina masharti: zikazwe sana wakati wa kuzungushia, la sivyo tabaka la juu litazama chini ya mengine na kunasa. Na zinakata kidole kama wembe, usizishike samaki akikimbia.

Ninunue namba gani kwanza?

Ungeniruhusu moja tu, ningesema 9 au 10. Namba 8 ni tamu kwa samaki wa kwenye mafungu na asubuhi tulivu za kaskazi, lakini kolekole mwenye kilo kumi hatakuheshimu. Wanaotoka mtoni huona namba 10 kama nguzo ya stima. Baada ya siku moja ya upepo wanaelewa.

Na sulisuli?

Hiyo ni habari nyingine. Watamu na Malindi mabaharia humvutia sulisuli nyuma ya boti kwa chambo kisicho na ndoana, kisha mvuvi anamrushia nzi akiwa karibu. Ni kazi ya namba 12 na zaidi, mita 300 na kuendelea za akiba, na breki isiyopata moto. Jodari mkubwa vilevile. Usitafute wepesi hapo. Mara nyingi nahodha ana vifaa vyake, muulize kabla hujanunua.

Nizungushie mkono gani?

Ule unaoweza kuzungusha haraka bila kufikiri. Rili karibu zote hugeuzwa zizungushwe kwa mkono wa kulia au wa kushoto. Hakikisha imegeuzwa kabla ya kujaza mshipi.

Nikiwa Nairobi nitaipata wapi, na itanigharimu kiasi gani?

Maduka ya vifaa vya uvuvi mjini huwa na rili za kawaida za kutupia chambo. Za nzi za baharini ni chache na chaguo ni finyu. Wengi huagiza Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, ambako rili za Shilton hutengenezwa, kupitia mawakala wa mizigo wa hapa mjini, au humtuma ndugu anayekuja.

Rili za kumiminwa zenye breki iliyozibwa ziko kati ya dola 100 na 200. Za kuchongwa za kiwango cha juu hupita dola 700. Katikati yake ziko nyingi nzuri. Bei ya mtandaoni si bei ya mlangoni: kuna usafirishaji, ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 16 inayokokotolewa juu ya jumla hiyo. Omba wakala akupe hesabu kamili kwa maandishi kabla hujalipa.

Bajeti ikibana, nunua rili ya kumiminwa iliyozibwa, na pesa iliyobaki itie kwenye mshipi wa kitropiki. Mshipi wa maji baridi ulioutumia Sagana hulegea kwenye joto la Pwani, unanata, haupenyi kwenye pete za rodi. Hakuna rili ya kukuokoa hapo.

Vipi rili iliyotumika?

Nzuri, ukijua kuangalia. Toa spuli. Tazama unga mweupe kwenye mguu wa rili na kuzunguka skrubu. Zungusha spuli ikiwa tupu, sikiliza kama inasugua sehemu moja ya mzunguko, hapo fremu imepinda. Kaza breki hadi mwisho na uilegeze kabisa: ikibaki na mkazo ule ule, oringi au bamba limekwisha. Mwombe muuzaji avute mshipi wa akiba mpaka kwenye kiini. Mwenye kuficha kitu atasema hana wakati.

Naioshaje, na mitaa yetu maji ni ya mgao?

Maji ya ndoo yanatosha, na ni bora kuliko mpira wenye presha. Presha inasukuma chumvi kupita oringi. Osha siku ile ile, huko huko Pwani, usisubiri kuteremka SGR. Kaza breki kidogo kabla ya kulowesha, toa spuli, mimina maji polepole, futa kwa kitambaa. Kisha legeza breki kabisa na uiache wazi kivulini usiku kucha.

Linalosahaulika ni mshipi wa akiba. Samaki akikuvuta mbali, dakroni yote inarudi kwenye spuli imelowa maji ya chumvi, nayo inakaa hapo ikiila alumini kutoka ndani. Itoe yote, iloweke kwenye beseni, ianike. Mfuko wa mpira wa kuhifadhia rili nao ni mtego: rili ikiingia humo ikiwa mbichi, inaiva kwa chumvi. Dawa za kupuliza za kulegeza nati usizielekeze kwenye breki.

Oringi ikikatika napata spea hapa?

Oringi yenyewe utaipata Kirinyaga Road, kwa wauza spea za magari. Beba ile ya zamani ilinganishwe unene na kipenyo, maana tofauti ndogo inatosha kuingiza maji. Paka grisi ya silikoni. Bamba la breki na beringi inayozunguka upande mmoja tu agiza kwa mtengenezaji. Mafundi wetu hodari wa kukereza vyuma wanaweza kuchonga karibu chochote, lakini breki si mahali pa kukadiria. Kwa wapenda historia: barabara hiyo zamani iliitwa Grogan Road, na wazee bado wanasema Grogan. Ni mlowezi Mwingereza Ewart Grogan, huyo huyo anayetajwa kuleta trauti Kenya mwaka 1905.

Niende msimu gani, na nahitaji kibali?

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari ikiwa tulivu na maji safi. Kusi ikishaanza Aprili mawimbi na upepo huharibu mengi, ingawa ndani ya mikono ya bahari pana nafuu. Angalia pia mwezi: siku za bamvua maji hupwa na kujaa kwa nguvu, na samaki hutembea. Uvuvi wa michezo unahitaji leseni, na ndani ya hifadhi za taifa za baharini, zikiwemo za Malindi na Watamu zilizoanzishwa 1968, kuvua kumekatazwa kabisa. Muulize nahodha mpaka uko wapi.

Rili hiyo ya bahari naweza kuitumia Sagana?

Ya namba 8 kwenye rodi ya namba 5 itakuwa nzito nyuma na kubwa kupita kiasi, lakini haitaharibika. Ioshe chumvi kwanza, na ubadilishe mshipi.